Leso mbili, kalamu moja na raketi mpya

Binamu yangu wa Mombasa alinipa ushauri kwa nia njema kabisa, na ushauri huo ukanipotezea karibu mwezi mzima. Nilimpigia simu kumwambia nimenunua raketi ya tenisi, Babolat Pure Aero, ile ya gramu 300 kabla ya kufungwa nyuzi. Akasema, "Dada, funga nyuzi kwa pauni 48, usizidishe. Mpira utakwenda wenyewe."

Mimi nacheza Nairobi. Siku ya kwanza kila fohendi, lile pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, niliyoipiga kwa moyo wote ilipita mstari wa nyuma. Binamu yuko usawa wa bahari, mimi niko zaidi ya mita 1,600 juu yake. Hewa ya huku ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, na hata ukiuzungusha vizuri haupati hewa nzito ya kuuvuta chini mapema. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina mipira maalumu ya sehemu zilizo juu ya mita 1,219, lakini makopo ninayoyapata mimi karibu yote ni ya mipira ya kawaida. Pauni ndizo kipimo cha jinsi nyuzi zilivyokazwa: zikilegea mpira hutoka kwa kasi, zikikazwa unautawala. Kwa hiyo pauni zinazomfaa yeye haziwezi kunifaa mimi.

Kuna jambo jingine lililoniudhi zaidi. Wiki hizo zote nilikuwa nikiilinganisha raketi mpya na ile yangu ya zamani, na ya zamani ilikuwa na nyuzi za poliesta za tangu mwaka uliopita. Poliesta hufa kabla haijakatika: inapoteza mnyumbuko, na nyuzi haziushiki mpira tena. Kumbe sifa zote nilizokuwa nikiipa raketi mpya zilikuwa sifa za nyuzi mpya! Ukitaka kulinganisha kwa haki, zifunge raketi zote mbili siku moja, nyuzi aina moja, mashine moja. Mimi nilizifunga kwa pauni 53. Gharama ni elfu mbili na kitu kwa kila moja, inategemea nyuzi, na hiyo ni pesa ndogo ukiilinganisha na zaidi ya elfu thelathini nilizotoa dukani.

Baada ya hapo ndipo kazi ikawa tamu. Tunacheza kwenye udongo mwekundu, na udongo huo unatunza alama ya kila mpira. Nilianza kwa kupima shabaha: nilitandika leso mbili, moja kila pembe ya nyuma, kama mita moja ndani ya mistari. Mwenzangu akanirushia mipira ishirini, nikalenga leso, kisha tukavuka wavu kusoma alama. Tukafagia, nikachukua raketi ya pili, tukaanza upya. Alama za raketi ya zamani zilisongamana karibu na leso. Za mpya zilitawanyika zaidi kwa upana, ila nyingi zilikuwa ndani sana, hatua moja tu kutoka mstari wa nyuma. Usiridhike na mipira ishirini ya asubuhi. Rudia ukiwa umechoka, maana hapo ndipo mkono husema kweli.

Kupima nguvu za raketi nilitumia mipira ya kuanzisha. Mwanangu alifunga utepe kwenye waya wa nyuma pale mpira wa raketi ya zamani ulipokuwa ukigonga baada ya kudunda. Ile mpya iligonga juu ya utepe mara nyingi kuliko chini, na mimi sikuongeza nguvu hata kidogo.

Kipimo cha mzunguko wa mpira ndicho nilichojivunia. Watu husema "inazungusha sana" kwa kusikia mlio tu. Mimi nilichora mstari mnene mweusi kuuzunguka mpira kwa kalamu ya wino mzito, mwanangu akapiga video kwa simu, ile ya mwendo wa polepole inayochukua picha 240 kwa sekunde. Usiku tukakaa mezani tukihesabu picha moja moja mpaka mstari urudi ulipoanzia. Kwa raketi ya zamani mpira ulitumia picha nane kumaliza mzunguko mmoja, yaani mizunguko 30 kwa sekunde, au 1,800 kwa dakika. Kwa mpya zilikuwa saba, yaani zaidi ya 2,000. Tulirudia kwa mipigo kumi na miwili, na mtoto alinisahihisha mara mbili: "Mama, umeruka picha." Hakikisha simu iko ubavuni mwa mpigaji, ukiiweka nyuma yake mstari hausomeki.

Pauni 53 ndizo nilizobaki nazo. Kwa 55 mpira ulitii zaidi, lakini kiwiko kilianza kuuma siku ya tatu nikaacha. Poliesta iliyokazwa sana si ya kila mkono, na kocha anayekwambia maumivu hayo ni ya kuzoea usimsikilize. Bekihendi yangu ya kukata, lile pigo la upande wa pili, bado inapenda raketi ya zamani, na ninaibeba mkobani kila siku.

Desemba nilishuka Mombasa na pauni zangu zile zile 53. Mipira niliyozoea kuiona ikitua ndani sana ilikuwa ikidondoka katikati ya uwanja, na binamu akaingia mbele kuimaliza mmoja baada ya mwingine. Tulipokaa kunywa madafu akanishika bega: "Si nilikwambia 48, dada?" Nikamkubalia. Pale kwake alikuwa sahihi.