Mfongo wa Baba Zetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii maombi yamekuwa mazito kwangu. Nikipiga magoti, kinachonijia ni hasira juu ya maji. Magari ya Desemba, ya waliokuja kula Krismasi, yameshateremka, nyumba nzuri zimefungwa mageti, na huku kwetu Old Moshi, mteremkoni mwa Kilimanjaro, tumebaki wazee, akina mama na watoto wa shule. Mfongo, yaani mfereji wa maji wa wazee wetu Wachaga, unaopita nyuma ya kihamba chetu, shamba letu la migomba, umekauka. Migomba imeanza kuning'iniza majani, na masika mpaka Machi.

Wengi wanailaumu theluji ya Kibo, kilele cha mlima wetu. Ni kweli inapungua, lakini maji ya mito yetu kwa sehemu kubwa hutokana na mvua ya msituni, si barafu ya kileleni. Nikapanda hadi banioni, pale mfongo unapochukua maji mtoni, kujionea. Mto unatiririka! Mfongo ndio umejaa udongo na majani, na mahali pamoja ukingo umebomoka, maji yanamwagikia korongoni.

Pale pale nikakumbuka Mwanzo 26. Isaka alifika bonde la Gerari akakuta visima vya baba yake vimefukiwa na Wafilisti. Neno linasema akavichimba tena, akavipa majina yale yale aliyoyatoa baba yake. Huyu ni mtu ambaye Mungu alikuwa amembariki, amepanda akavuna mara mia. Hata hivyo baraka haikumwondolea kazi ya kuzoa udongo.

Wapendwa, sisi tumekesha tukiomba mvua, na tuendelee kukesha. Lakini tunamwomba Mungu maji ambayo ameshayatoa! Mifongo hii ilichimbwa kabla mmisionari wa kwanza hajakanyaga mlima huu. Wazee waliipitisha kwenye miteremko bila vipimo vya wahandisi, na penye bonde wakavusha maji kwa magogo yaliyotobolewa. Kila ukoo ulijua zamu yake, na aliyekosa kazi ya mfongo alitozwa faini. Leo tunatoza nini? Mtu anatuma elfu ishirini kwa simu, halafu anauliza kwenye kikundi kama kazi imekwisha.

Niseme wazi, hata kama nitachukiwa. Vijana wetu mlioko Dar es Salaam, Arusha na hata hapo Moshi mjini, michango yenu tunaipokea kwa shukrani. Lakini mama yako wa miaka sabini na kitu anabeba ndoo kwenye utelezi akipita mbele ya nyumba yako yenye vigae, na matanki yako yanangoja Krismasi. Hagai aliwauliza watu wa Yuda kama ni wakati wa wao kukaa katika nyumba zilizotiwa mbao huku nyumba ya Bwana imeharibika. Mfongo si hekalu, najua. Lakini aliye mwisho wa mfongo ni jirani yako, na kumpenda jirani tumekariri tangu Kipaimara.

Mtu atanijibu kwamba hata Isaka hakushika jembe, watumwa wake ndio waliochimba. Sawa. Lakini soma mstari wa 17: alipiga hema bondeni, akakaa huko. Ugomvi wa maji ulipozuka alikuwepo. Waligombania kisima cha kwanza, wakagombania cha pili, akachimba cha tatu. Hakuyaongoza hayo kwa mbali.

Na sisi tuliobaki tusijihesabie haki. Kuna wanaofungua maji usiku yasipokuwa zamu yao, na asubuhi wako kwaya.

Jumamosi saa moja asubuhi tunaanzia banioni, tunashuka na mfongo tukiuzibua. Njoo na jembe, sururu au panga. Wazee wasioweza kuinama watakaa na watoto. Walioko Moshi mjini, daladala za asubuhi zipo. Jirani wa juu, yule tunayemnung'unikia kila siku, nimemfuata mwenyewe jana jioni. Amesema atakuja na wanawe wawili, na kwamba tangu baba yake afariki hakuna aliyewahi kumwita.