Tuligonga mlango kuomba chumvi

Nilikaa miaka mitatu kwenye nyumba ya kupanga Dar, vyumba sita vimetazamana korido katikati, juu hakuna silingi bodi kwahiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha sita anamwambia pole. Sasa fikiria mwanamke akipigwa mle ndani. Tulikuwa tunasikia kila kitu, kofi, kiti kinaanguka, mtoto analia, na yeye mwenyewe anajitahidi asipige kelele ili asituamshe. Sisi tulikuwa tunafanya nini? Tunaongeza sauti ya redio. Asubuhi tunakutana bombani, jicho limevimba, tunasalimiana umeamkaje dada, salama, basi kila mtu na ndoo yake.

Na maneno ya kujifichia tunayo mengi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wagombanao ndio wapatanao. Bibi harusi anafundwa kwenye kicheni pati kwamba ndoa ni kuvumilia, mambo ya chumbani yasitoke nje. Yaani tumejengewa ukuta wa maneno mnene kuliko ule wa tofali. Ule utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta kwamba Tanzania wanawake 58% walikubali kuna sababu angalau moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe, wanaume waliokubali ni 40%. Wanawake wenyewe! Wakati Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumchapa. Sheria ina zaidi ya miaka 50, sisi bado tunauliza "kwani alimkosea nini?"

Aliyetubadilisha ni mama mmoja wa chumba cha pili, muuza vitumbua. Huko kwenye kikoba chao walikuwa wameongelea haya mambo, akarudi akatuita wanawake watatu na mzee mmoja fundi baiskeli akasema jamani siku nyingine hatukai ndani, na hatuendi mmoja mmoja. Basi ikafika siku, saa nne usiku, tukasikia imeanza. Akatoka na kibakuli cha plastiki cha kijani, akagonga. "Hodi! Shem, samahani, naomba chumvi kidogo." Kimya. Akagonga tena. Mlango ukafunguliwa, jamaa anahema, mkanda uko mkononi. Akatukuta korido nzima tumesimama, hakuna anayetukana wala anayeuliza kitu, tumesimama tu, fundi baiskeli yuko mbele. Jamaa akaangalia ule mkanda kama ndo anauona mara ya kwanza, akauweka nyuma ya mgongo. Mkewe akaja na chumvi, mkono unatetemeka inamwagika, na yule mama hakuondoka, akaketi palepale kizingitini akaanza kumwuliza habari za mtoto anavyoendelea na shule, kama nusu saa hivi.

Baadaye sana ndo nikaja kusoma kuhusu Kampala. Kuna shirika linaitwa Raising Voices walitengeneza mpango wakauita SASA!, ndiyo, sasa hii hii ya Kiswahili, na shirika lingine la huko, CEDOVIP, likaupeleka mitaani Rubaga na Makindye. Hawakupeleka wataalamu wa kuhutubia, walichukua watu wa mtaani wenyewe, wakawafundisha kuanzisha mazungumzo popote watu walipo na kuigiza vimchezo vifupi, na polisi na viongozi wa mtaa nao wakaingizwa humo. Kilichonigusa zaidi ni swali walilokuwa wanaanza nalo. Hawaanzi na kupiga ni vibaya, wanaanza na nguvu: wewe una nguvu gani, unaitumia juu ya nani, na nani ameshawahi kuitumia juu yako? Mwanaume aliyedhalilishwa na bosi mchana analijua jibu la hilo swali la mwisho. Wakapima kati ya 2007 na 2012, maeneo manne yenye mpango na manne yasiyo nao, na kwenye yale yenye mpango wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka uliopita walikuwa pungufu kwa 52% kuliko kwenye yale yasiyo nao. Kwa kazi iliyobebwa na majirani!

Siwadanganyi kwamba kwetu chumvi ilimaliza kila kitu. Alimpiga tena, tukagonga tena. Fundi baiskeli akawa anamchukua yule jamaa jioni wanacheza bao, wanaongea wenyewe, sisi hatukuuliza wanaongea nini. Mara ya tatu alimpasua mdomo na hapo hatukuomba chumvi, tulimsindikiza dada dawati la jinsia polisi, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akatibiwa, mmoja wetu akabaki na watoto. Na kitu nakiomba sana kwa atakayejaribu: usiende peke yako, na usimseme mume mbele ya mkewe kwamba "mkeo ametuambia", maana wewe utarudi kulala kwako na yeye atabaki mle ndani. Muulize dada kwanza, mkiwa wawili, anataka msaada gani.

Nilishahama. Mwezi uliopita nilimpigia mama vitumbua kumjulia hali, akaniambia kuna wapangaji wapya chumba changu, mke na mume vijana. Nikamuuliza umewaambia? Akasema, siku ileile walipokuja, niliwaonyesha choo, nikawaonyesha bomba, afu nikawaambia wote wawili, hapa usiku tunaombanaga chumvi.