Namna nilivyohakikisha kuwa ghala letu la Nix linakataa kisicho na sahihi

Ushauri ulioniudhi kuliko wote, nilipokuwa nikiandaa ghala la vifurushi vya Nix (mfumo wa kujenga na kusakinisha programu) kwa ajili ya ofisi yetu ya Sinza, ni huu: "Kaka, weka require-sigs iwe false, mambo yaishe." Nimeusikia kwa watu ninaowaheshimu, na bado nauona ni wa hatari. Mpangilio huo ndio unaoilazimisha Nix kudai sahihi ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha kifurushi kimetoka kwa nani na kwamba hakijabadilishwa. Anayezima ukaguzi huo anaziambia kompyuta zote za ofisi zipokee programu yoyote inayotoka kwenye anwani ya ghala, hata kama anwani hiyo imeshikwa na mtu mwingine aliyeingia kwenye mtandao wetu.

Sababu ya kuwa na ghala letu wenyewe ilikuwa wazi. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikadorora, tuliketi tukisubiri vifurushi ambavyo tayari vilikuwamo kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja. Hata siku za kawaida, kila mtu kushusha kitu kilekile kwa bando lake ni kupoteza fedha. Nilinunua Kariakoo kompyuta ndogo iliyotumika, kwa laki nne na ushee, nikaweka Nginx, programu ya seva ya wavuti, igawe mafaili, kwa kuwa ghala la Nix ni mafaili tu wala halihitaji programu maalumu. Kwenye faili la nix-cache-info niliandika kipaumbele cha 30. Ghala kuu la cache.nixos.org lina 40, na namba ndogo ndiyo inayoulizwa kwanza.

Ufunguo wa siri, ule wa kutia sahihi, haukai kwenye seva hiyo. Unakaa kwenye kompyuta inayojenga vifurushi, ambako hutiwa sahihi ya Ed25519 (aina ya sahihi ya kidijitali) kabla ya kupelekwa, hivyo atakayeivunja seva hataweza kutia sahihi kitu chochote. Ufunguo wa umma, ule wa kuihakiki sahihi, ndio unaoandikwa kwenye trusted-public-keys, orodha ya funguo zinazoaminiwa, ya kila kompyuta. Kwa mpangilio huu hata http ya kawaida inatosha kulinda uhalali wa kifurushi, maana uaminifu umo katika sahihi, si katika njia kilikopitia.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye majaribio, na hapa ndipo ninapojivunia. Watu wengi hushusha kifurushi kimoja, wakaona kimefika, wakasema ghala linafanya kazi. Hilo linathibitisha kwamba mlango unafunguka. Mimi nilitaka kuona ukifungwa. Kwanza, sikujaribu kwenye kompyuta iliyojenga, kwa sababu Nix huweka kumbukumbu kwamba njia fulani (anwani ya kifurushi kwenye stoo, yaani folda ambamo Nix huweka vifurushi) ilijengwa hapohapo na huiamini bila sahihi, kiasi kwamba hata amri ya nix store verify huipitisha isipoamriwa kudai sahihi. Pili, nilitumia kifurushi chetu cha ndani ambacho ghala kuu halinacho. Sahihi inapokosekana, Nix hutoa onyo dogo, ikaenda kwenye ghala linalofuata, na ikikosa huko huanza kujenga kutoka kwenye msimbo. Mtumiaji asiyesoma maonyo hupata kifurushi chake mwishoni na hajui kilikotoka. Kwa hiyo niliendesha kila jaribio kwa --max-jobs 0, ili kompyuta isiruhusiwe kujenga chochote: ama kifurushi kitoke ghalani, ama amri ishindwe waziwazi.

Kisha nikaanza kuharibu kwa makusudi. Kila kifurushi kina faili la narinfo lenye jina la njia, alama ya hashi (namba inayobadilika maudhui yakibadilika), ukubwa, orodha ya vitu kinavyovitegemea, na mstari wa Sig, yaani sahihi yenyewe. Nilibadilisha herufi moja katika sahihi, na kompyuta ikapokea kifurushi bila kulalamika. Jambo hilo lingemtisha mtu, lakini chanzo chake si udhaifu wa sahihi: Nix hukumbuka narinfo iliyokwisha kuiona kwa siku 30, na jibu la "hakuna" hulikumbuka kwa sekunde 3,600. Kumbukumbu hiyo imo kwenye faili la SQLite (hifadhidata ndogo), na pale Nix inapoendeshwa na huduma ya mfumo, faili linalohusika ni la root (msimamizi mkuu wa kompyuta), kwa hiyo kufuta lililo kwenye folda yako mwenyewe hakusaidii. Niliweka muda wa kumbukumbu zote mbili kuwa sifuri kwenye mipangilio ya mfumo, nikakifuta kifurushi kwenye stoo, nikarudia. Kikakataliwa. Nikaongeza baiti moja kwenye ukubwa ulioandikwa, kikakataliwa. Nikabandika sahihi ya kifurushi kingine, kikakataliwa. Niliondoa jina moja tu kwenye orodha ya vitegemezi, na hilo nalo likagunduliwa, kwa kuwa sahihi hufungamanisha njia, hashi, ukubwa na vitegemezi kwa pamoja.

Jaribio nililolipenda zaidi ni la kinyume. Nilikifungua kifurushi kilichobanwa kwa xz, nikakibana upya kwa zstd, mbinu nyingine ya ubanaji, nikarekebisha anwani na hashi ya faili lililobanwa, bila kugusa Sig. Kikapokelewa, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kinachotiwa sahihi ni maudhui yaliyofunguliwa. Faida yake ni kubwa: unaweza kubadilisha mbinu ya ubanaji wa ghala zima bila kuugusa ufunguo wa siri.

Sahihi hizi hazina tarehe ya kwisha, hivyo ufunguo ukivuja, dawa ni kuuondoa kwenye trusted-public-keys za kompyuta zote. Ndiyo maana nimeshatia vifurushi vyetu sahihi ya pili kwa ufunguo wa akiba, jambo ambalo narinfo inaliruhusu, na ufunguo huo wa siri nimeuhifadhi nje ya ofisi kwenye flashi.