Baba Alilewa Ziwa

Jumapili, 30 Juni 2024

Mikono inanuka samaki bado, na nimeshainawa kwa ndimu mara tatu. Naandika mapema kabla baba hajaamka, maana akiamka atauliza naandika nini, na hili sitaki alisikie kabla hajanywa chai.

Jana nilimpeleka baba kuvua. Mtu wa Ujiji akisoma hapo atacheka. Baba amevua dagaa Ziwa Tanganyika zaidi ya miaka thelathini: mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, karabai zikining'inia juu ya maji, wavu chini yake, usiku kucha. Dagaa hufuata taa, kwa hiyo kazi ni ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, na ndizo siku ambazo sisi watoto tulimwona baba mezani. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipogundua kwamba watoto wengine hawakuhesabu baba zao kwa mwezi.

Na mimi ni wa kike. Kwetu mtumbwini walikwenda wanaume; sisi tulikuwa wa mchangani, na mama, tukianika dagaa na kufukuza kunguru. Baba niliyemjua alikuwa wa nchi kavu, anashona nyavu, analala mchana, anadai chai. Sikuwahi hata siku moja kumwona akiwa juu ya maji. Nina miaka arobaini na mbili.

Amekuja kwetu Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, kwa sababu ziwa limefungwa. Upande wa Tanzania hakuna kuvua tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Baba siku hizi haendi ziwani mwenyewe, ana vijana na vyombo, lakini vyombo vimevutwa nchi kavu na vijana wanabeba saruji. "Sasa nibaki nikimtazama nani?" akaniambia kwenye simu. Basi akaja. Wiki tatu alikaa kwenye kochi, shuka magotini, analalamikia kiyoyozi. Nikaona mzee ataniozea humu ndani. Nikakodi boti.

Kutoka Columbus hadi Port Clinton, ukingoni mwa Ziwa Erie, ni kama saa mbili kwa gari. Tuliondoka saa kumi na nusu alfajiri: mimi, Baba Zawadi, watoto wawili na babu yao mbele akishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Njiani tulisimama kituo cha mafuta, baba akanywa chai ya kikombe cha karatasi. Ikumbukeni hiyo chai.

Port Clinton wanajiita makao makuu ya dunia ya samaki mmoja tu. Kiingereza anaitwa walleye. Sisi nyumbani tunamwita macho-kioo. Mkesha wa mwaka mpya wanapandisha sanamu yake kubwa kwa winchi, saa sita kamili usiku wanaishusha, watu wanashangilia. Nilipomweleza baba akageuka: "Wanamwabudu?" Nikasema hapana, ni sherehe tu. "Astaghfirullah," akasema, akatazama nje dirishani.

Nje kulikuwa na vitu vya kutazama. Mwisho wa Juni wadudu fulani wenye mabawa membamba hutoka ziwani usiku mmoja kwa mamilioni na kufuata taa za mji, mpaka asubuhi watu wanawafagia kwa koleo. Wakiruka huonekana hata kwenye rada za hali ya hewa, kama wingu la mvua. Barabarani wanalia chini ya matairi kama bisi. Wazee wa hapa wanawasifu, kwa sababu miaka ya 1950 maji yalipochafuka walitoweka, na hawakurudi mpaka miaka ya 1990. Baba alimwokota mmoja kwenye kioo cha gari, akamkagua. "Dagaa wangu wangemla huyu," akasema. Ndilo neno lake la kwanza la furaha tangu atue Marekani.

Nahodha alikuwa mzee wa rika lake, ndevu nyeupe, tumbo la haja. Akakagua leseni. Watoto walio chini ya miaka kumi na sita hawalipi. Baba nilimkatia ya siku moja. Aliigeuza ile karatasi. "Siku moja. Na samaki wamearifiwa kwamba siku yangu ni leo?"

Kisha masharti. Kila mtu samaki sita, basi, na asiyefika inchi kumi na tano, yaani sentimita thelathini na nane, anarudishwa majini. Nikawa mkalimani. Baba akaniomba nirudie hiyo sita. Halafu akasema polepole, kama mtu anayehakikisha bei, "Sita. Kwa vidole."

Tukatoka. Kushoto mnara wa kupozea wa kinu cha nyuklia, mbele kisiwani mnara mwingine mwembamba wa mawe, mita mia na zaidi, wa kumbukumbu ya vita vya majini vya 1813. Nahodha alituonyesha yote hayo, baba hakutazama hata kimoja. Alikuwa ameona kioo cha kupimia kina.

"Hapo panasemaje?"

"Futi ishirini na tisa. Kama mita tisa."

"Karibu na ufuko."

"Hapana baba, tuko katikati. Upande huu wote wa magharibi ndivyo ulivyo."

Tanganyika inashuka mita 1,470. Duniani ni Baikal tu inayoipita. Baba akaegemea ukingo wa boti, akacheka mpaka kofia ikasogea. "Mwanangu umenileta kwenye dimbwi." Idi, mwenye miaka minane, akalidaka neno. Dimbwi! Dimbwi! Nahodha akataka nimtafsirie. Nikamwambia babu anasema ziwa ni zuri.

Sasa, wanavyovua hapa kiangazi. Injini inazimwa, boti inaachwa ichukuliwe na upepo ubavu ubavu. Unatupa mshipi wenye risasi na kibati kinachozunguka, kwenye ndoana umetunga nyungunyungu mzima. Halafu unahesabu, kwa sababu chambo kinazama karibu futi moja kwa sekunde. Samaki akila ukiwa umefika kumi na tano, wote mnahesabu hadi kumi na tano. Zawadi alihesabu kwa Kiswahili kwa heshima ya babu, kwa sauti, na alipofika kumi na saba fimbo ikapinda. Nahodha akamwuliza ni ngapi. "Kumi na saba!" Mzee wa watu akageuka na kumtangazia Baba Zawadi: kuminasaba. Asubuhi nzima hatukusikia tena hesabu ya Kiingereza.

Alipoingia botini nikamwona samaki vizuri: wa dhahabu iliyochujuka kuelekea kijani, tumbo jeupe, meno ya sindano, na yale macho. Yana ukungu, kama macho ya mtu aliyepofuka kwa uzee. Kumbe ni kinyume: nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana anaona kwenye giza na maji machafu kuliko samaki wadogo anaowala. Jua kali halipendi. Kwa hiyo wavuvi wa hapa huombea upepo kiasi, mawimbi yavunje mwanga, macho-kioo apate ujasiri wa kula.

Na upepo ukaja. Nahodha akasugua mikono.

Maji ya kina kifupi upepo ukiyapiga hayana pa kwenda. Tanganyika mawimbi yake ni marefu. Baba mwenyewe hutuambia yanakupandisha na kukushusha kama mtu anayebembeleza mtoto. Ya Erie ni mafupi, yamesongamana, moja halijamaliza lingine limeshafika. Na sisi injini imezimwa, ubavu tumeuelekeza kwenye mawimbi. Niliona baba ameacha kucheka. Kisha ameacha kuongea. Kisha akakaa, akaweka fimbo chini, akashika ukingo, akatazama mbali kama anayetafuta mtu anayemdai.

"Baba?"

"Chai ile," akasema.

Nilimshika ukosi wa shati kwa nyuma, mkono mwingine kifuani. Alitapika mara tatu. Mgongo wake nilioukumbuka mpana ulikuwa mifupa mitupu, nikauhisi ukipanda na kushuka mkononi mwangu. Baba Zawadi, mtu wa Lushoto aliyekulia milimani na hajui samaki zaidi ya wa kukaanga, alikuwa amesimama imara nyuma yetu akivuta samaki wake wa pili, anatabasamu, Mungu amsamehe. Watoto wakanyamaza. Idi ndiye aliyeuliza, kwa Kiingereza ili babu asielewe, kama ni kweli babu alikuwa mvuvi.

Sikumjibu. Kwa kweli nilikuwa na hasira, na sijui kwa nani. Nilikuwa nimewaandaa hawa watoto miezi. Subirini babu aje, mtaona. Nilitaka waone kile ambacho mimi sikukiona, na nilikilipia, dola za zamu mbili za usiku.

Nahodha akaleta biskuti za chumvi na tangawizi ya kutafuna, akakaa kando ya baba bila kuambiwa. Wakaanza kuzungumza kupitia kwangu, baba amelaza kichwa kwenye koti la kuokolea. Nahodha akasema alipokuwa mtoto, 1970, uvuvi wa samaki huyu ulisimamishwa upande huu kwa sababu ya zebaki ya viwandani. Magazeti yaliandika kwamba ziwa limekufa. Baada ya hapo Ohio hawakuruhusu tena kumvua kwa biashara. Anavuliwa kwa fimbo, hauzwi. Anayeuzwa kwenye migahawa ya mji huu mara nyingi anatoka ng'ambo, Kanada, ambako nyavu zinaruhusiwa.

Hapo baba alifungua jicho moja. "Wanakaa ziwani, wananunua samaki wa jirani?"

"Ndiyo baba."

"Mwulize samaki walirudi baada ya miaka mingapi."

Nikauliza. Nahodha akapiga hesabu akitazama juu, akasema ilipita kama miaka kumi ndipo watu wakaanza kujisifu tena.

Baba akafumba jicho. Nilidhani amelala. "Miezi mitatu basi si kitu," akasema, uso ameuelekeza majini. Nilishindwa kujua alikuwa anaisifia serikali au anahesabu deni lake la nyavu.

Kuelekea saa tano upepo ukatulia kidogo, akaomba fimbo. Alitupa vibaya, mshipi ukaangukia karibu. Hakuhesabu, aliuacha ukae chini kabisa, akausikiliza kwa kidole. Akavuta kitu kizito. Watoto wakapiga kelele. Kikatoka samaki wa kijivu, kibyongo, mdomo umeangalia chini, anakoroma kwa sauti kama ngoma ya mbali. Nahodha akakunja uso na kunyoosha mkono amtupe. Hapa huyo hahesabiwi kuwa samaki. Ni msumbufu wa chambo.

Baba akamkumbatia. "Ana kosa gani huyu?"

Nikatafsiri. Nahodha akafikiri. Akasema kwa kweli hajui, ndivyo alivyofundishwa na baba yake.

Tulirudi na macho-kioo kumi na tisa na huyo mmoja. Bandarini kuna mahali pa kusafishia, unalipa kwa uzito, kijana mwenye kisu cha umeme anakata minofu miwili kwa sekunde chache na mengine yote yanakwenda kwenye pipa. Baba alikuwa bado anayumba, lakini alipoona kichwa cha kwanza kikiingia pipani alisimama wima. "Vichwa! Mwanangu, mwambie vichwa!" Nilimwambia yule kijana, nikiona aibu kidogo, lazima nikiri, foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Akatupatia mifuko miwili ya vichwa, bure, akasema mama mmoja Mfilipino huja kila wiki kwa shughuli hiyo hiyo.

Jana jioni jikoni hakuniruhusu kugusa vichwa. Minofu nilikaanga mimi, watoto wakala. Baba alionja kipande, akasema hakina harufu, ni kama kula mkate. Vichwa alivipika mwenyewe kwa mawese tuliyonunua duka la Waghana (alinusa chupa, akaguna, ya Kigoma ni mengine) na nyanya na pilipili, ugali akausonga mgumu wa kwao. Alikula macho. Idi akajificha nyuma ya friji, akachungulia, akarudi akaomba limoja, akalitema. Kwenye kichwa cha yule mkoromaji tulikuta mawe mawili meupe, laini, kama pembe ya ndovu iliyosuguliwa. Nahodha alikuwa amenitajia: samaki huyo ana mawe sikioni, na watu wa hapa huyaokota ufukweni kwa bahati njema. Baba aliyaosha, akampa Zawadi moja. La pili akalitia mfuko wa kanzu.

Usiku nilimsikia sebuleni akimrekodia baba mdogo ujumbe wa WhatsApp, Ujiji. Ziwa kubwa, anasema. Upepo mkali sana, mawimbi si ya kawaida, nahodha mwenyewe aliogopa. Tumevua. Mimi nimevua mkubwa kuliko wote, wa aina ambayo wenyeji hawaijui kuipika. Walitaka kunipangia sita...

Na nyuma yake, kwenye rekodi hiyo hiyo, maana nimeisikiliza asubuhi hii baba mdogo aliponirudishia akiwa anakufa kwa kicheko, sauti ya Idi kwa Kiswahili safi kabisa: "Babu alitapika kwenye dimbwi!"

Nasikia bomba la maji. Ameamka.