Jina lililoandikwa kwenye kichupa
Katika wiki yangu ya kwanza kwenye maabara ya kifua kikuu, nilikabidhiwa kichupa chenye lebo ya H37Rv, nikaambiwa kwamba bakteria wa kifua kikuu waliomo ndio tunaowatumia kuhakikisha kuwa vipimo vyetu vya makohozi vinasema kweli. Niliinakili lebo ile kwa miezi kadhaa bila kuuliza maana yake, mpaka mwalimu wangu wa kazi aliponieleza, na tangu siku hiyo siiandiki kwa haraka.

Jina la spishi, Mycobacterium tuberculosis, hufuata kanuni za kimataifa. Nasaba, yaani ukoo mmoja wa bakteria ulio ndani ya spishi, hupewa jina na maabara iliyoipata, na mara nyingi jina hilo ni namba ya daftari tu. H37 ilitoka kwa kijana wa miaka 19, mgonjwa wa kifua kikuu huko Saranac Lake, New York, mwaka 1905. Katika miaka ya 1930 mtafiti William Steenken aliitenganisha kuwa nasaba mbili. Ya kwanza ni H37Rv: R ni ya makundi ya bakteria yenye uso wa kukwaruza, v ni ya ukali wa kuambukiza, na ndugu yake aliyepoteza ukali huo akaitwa H37Ra. Herufi moja ndogo, basi, ndiyo inayotenganisha anayeua na asiyeua.

Mwaka 1998 jenomu ya H37Rv, yaani maandishi yake yote ya DNA, yenye herufi zipatazo milioni 4.4, ilichapishwa yote. Jina la kijana yule halimo kwenye lebo, nami humkumbuka kila ninapofungua jokofu.