Povu kwenye Hosi ya Upepo

Mwaka 2014 ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Malaba ilibaki na meza mbili. Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki lilikuwa limeanza kazi, mzigo wa Uganda ukawa unalipiwa kodi ungali Mombasa, na malori yaliyokuwa yakilala mpakani siku kadhaa kungoja karatasi zetu yakawa yanapita tu. Kwa madereva ilikuwa neema. Kwetu sisi tuliokula kwa zile karatasi, maji yalizidi unga.

Bosi aliamua kuhamia Mombasa na akataka twende wote. Alinipa hadi Jumatatu nimjibu. Baba mkubwa, aliyeuza ng'ombe wawili ili nisomee stashahada ya biashara, alikuwa amekwisha mjibu kwa niaba yangu: binti ataenda.

Ijumaa ile nilifunga ofisi saa mbili usiku. Kwenye yadi ya kuegeshea malori, trela moja lilikuwa limekwama katikati ya lango, mbele halisogei, nyuma halirudi, na magari mengine yanapiga honi nyuma yake. Dereva alikuwa mtu mzima wa Mombasa. Kando yake alisimama fundi mmoja mzee ambaye wote mpakani tulimjua, peke yake, kijana wake amekwenda Tororo kutafuta spea.

"Binti, nishikie tochi," fundi akaniambia. Nikaweka mkoba juu ya tofali nikashika.

Kwanza alitia mawe chini ya matairi. Nikamuuliza ya nini, na lori lenyewe limekataa kwenda. Akanieleza huku amechutama, na maelezo yale nayakumbuka kama nilivyoyasikia. Watu wengi hudhani upepo, yaani hewa iliyoshindiliwa kwenye mabomba ya lori, ndio unaobana breki ya kuegeshea. Sivyo. Inayobana ni springi nene iliyo ndani ya chemba ya breki, na upepo kazi yake ni kuisukuma springi irudi nyuma ili tairi liachiwe. Upepo ukivuja, springi inashinda, lori linaganda palepale. Kwa hiyo ukiziba tundu na upepo ukajaa, breki zitaachia zenyewe, na aliye chini ya lori bila jiwe la kuzuia tairi anaweza asitoke.

Nilisimama na tochi mkononi nikiona aibu na furaha kwa pamoja. Miaka mitano nilikuwa nimesimama kando ya malori haya kila siku nikijua namba zake za usajili, uzito wa mzigo na jina la mwenye mali. Hilo la springi hakuna aliyeniambia, na kila mara injini iliponguruma nilikuwa naacha kuandika ili niisikilize.

Geji ya upepo kwenye kebini, ambayo lori lisilo na hitilafu huipandisha hadi karibu baa 8, ilikuwa imegoma kwenye 3. Dereva alizima injini. Fundi akainama chini ya trela, akatega sikio huku, akatega kule. Masikio yake yalikuwa yamechoshwa na kelele za miaka mingi.

"Mzee, ni kushoto," nikasema. "Ekseli ya pili, kwa ndani."

"Umejuaje?"

"Nasikia."

Hakubishana nami. Alinipa kopo la maji ya sabuni na kitambaa, akaniambia nipake mwenyewe. Nilivua viatu vya ofisi nikaingia chini, mgongo kwenye vumbi. Nilipaka jointi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nilipofika pale hosi inapopita juu ya chuma cha chasisi, povu likavimba, viputo vidogo vidogo vikifuatana bila kukoma, kama chai inayotaka kufurika. Hosi ilikuwa imesuguliwa na chuma hadi ikapasuka ufa usiozidi ukucha wangu wa kidole kidogo.

Fundi alikata kipande kile, akaunga kwa jointi ya shaba, nami nikashika ncha moja wakati akikaza. Dereva akawasha. Sindano ikapanda, 4, 5, 6. Mara chemba zote za trela zikatoa pumzi kwa pamoja. Mzee wa Mombasa alishuka akanishika mkono wangu wenye grisi, akasema, "Asante, mwanangu," akanipa noti ya shilingi elfu kumi za Uganda. Nilikuwa nimepokea mishahara mingi, lakini ile noti niliikunja nikaiweka peke yake.

Jumamosi nilikwenda kwa baba mkubwa. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikamweleza yote, hadi povu. Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wangu sikuwauza ili ulale chini ya magari."

"Najua, Baba. Na kazi ya karatasi siidharau, imenilisha. Lakini kule Mombasa nitakuwa nahesabu malori tu. Nataka kuyajua."

Hakunibariki, hakunikataza. Alimwita mama mkubwa alete chai, tukanywa bila neno jingine.

Jumatatu nilimkabidhi bosi funguo za ofisi, nikavuka barabara hadi kwa fundi. Hakunipa spana. Alinipa ndoo ya boliti na nati zilizochanganyika, akasema nizipange kwa ukubwa. Nikakaa juu ya ringi kuukuu, nikaanza na za namba kumi na saba.