Nilivyoratibu tuzo za watafiti wa fani zisizofanana

Ukikabidhiwa kuratibu tuzo za utafiti za chuo kikuu, utaulizwa kwanza kuhusu ukumbi, ngao na mgeni rasmi. Mimi huyaweka hayo mwisho. Kazi ngumu ni hii: mwanahisabati mwenye makala tatu, daktari mwenye makala arobaini na mwanahistoria mwenye kitabu kimoja kilichomla miaka tisa, utawalinganishaje bila kumwonea yeyote? Utaratibu ninaoufuata unaanza na kukubali kwamba hawalinganishwi moja kwa moja. Kila mmoja hupimwa na watu wa fani yake, na hupimwa kwa kazi iliyosomwa, si kwa kazi iliyohesabiwa.

Shinikizo la kutumia namba halikosekani, kwa sababu namba inaonekana haina upendeleo. Inayoombwa zaidi ni fahirisi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Maana yake, mwenye makala tatu hawezi kuvuka h ya 3 hata kama makala hizo zimegeuza fani nzima. Hirsch mwenyewe alionyesha kwamba wanabiolojia wana namba kubwa kuliko wanafizikia. Kiwango cha jarida nacho ni wastani wa nukuu za makala zake za miaka miwili iliyotangulia, na mara nyingi makala chache ndizo zinazoubeba wastani huo, kwa hiyo hakisemi lolote la uhakika kuhusu makala iliyo mkononi mwako. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti lilitaka vyuo viache kumpima mtu kwa kiwango cha jarida. Mimi huliandika sharti hilo kwenye tangazo la tuzo, ili baadaye asitokee mjumbe wa kulirudisha mezani.

Jopo likitaka nukuu hata hivyo, nalipatia zilizosawazishwa tu. Unachukua nukuu za makala, unazigawa kwa wastani wa nukuu za makala za fani hiyo, mwaka huo na aina hiyo. Tuseme makala ya hisabati imenukuliwa mara 12 na wastani wa wenzake ni 4: inapata 3. Ya tiba imenukuliwa mara 45, wastani ni 30: inapata 1.5. Ile iliyoonekana ndogo sasa iko juu. Hesabu hii haifai kwa historia, fasihi na sheria, ambako vitabu na machapisho ya lugha nyingine yanakosekana sana kwenye kanzidata za nukuu. Huko hata usijaribu.

Fomu ndiyo inayookoa au kuharibu msimu. Yangu inataka kazi zisizozidi tano, hata kama mtu ana mia. Kazi si lazima iwe makala: kitabu, programu ya kompyuta, seti ya data, hataza, utunzi wa muziki na andiko la sera vyote vinapokelewa. Watu wa kompyuta huchapisha kazi zao nzito kwenye makongamano, kwa hiyo fomu inayosema “makala za majarida” imeshawafungia mlango. Kila kazi huandikiwa maneno yasiyozidi 150 yanayojibu maswali matatu: kipi hakikujulikana, kipi sasa kinajulikana, na wewe hasa ulifanya nini.

Swali hilo la tatu lina sababu. Katika hisabati majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo wa kwanza si lazima awe mkuu. Katika biolojia wa mwisho mara nyingi ndiye kiongozi wa maabara, na wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio. Kwenye fizikia ya chembe, makala ya mwaka 2015 kuhusu tungamo la chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi zaidi ya 5,000. Jopo lisilo na mtaalamu anayezijua desturi hizi litawapa sifa wasiostahili. Ninatumia CRediT, orodha ya kuonyesha nani alifanya nini katika utafiti, yenye majukumu 14 kuanzia kubuni wazo hadi kutafuta fedha, na mwandishi mwenza mmoja anathibitisha kwa saini.

Kisha kuna swali ambalo singekubali liondolewe: “Nani mwingine aliifanya kazi hii, na kwa nini hayumo kwenye pendekezo?” Jocelyn Bell Burnell alizigundua ishara za pulsa, nyota zinazotoa mapigo ya redio, mwaka 1967 akiwa mwanafunzi wa uzamivu, lakini Nobel ya fizikia ya mwaka 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Wanafunzi na mafundi wa maabara husahaulika hivyo hivyo kila mahali. Swali hili likiwa kwenye fomu, mpendekezaji analazimika kuwataja kwa majina, na jopo linaweza kuigeuza tuzo ya mtu mmoja kuwa ya kundi.

Kwa tuzo ya chipukizi, usiweke umri. Nishani ya Fields ya hisabati ina ukomo wa miaka 40, na ndiyo maana Andrew Wiles, aliyelithibitisha dai la mwisho la Fermat, aliishia kupewa kibao maalumu cha fedha mwaka 1998. Mimi huhesabu miaka minane tangu kupata uzamivu, nikiondoa likizo za uzazi, ugonjwa na malezi. Ukitumia umri peke yake, unawakata waliorudi masomoni wakiwa watu wazima na akina mama waliosimama kwa muda.

Ruhusu pia mtu ajipendekeze. Wakuu wa idara huwataja wale wanaowaona kila siku, na aliyekwisha tuzwa hutajwa tena. Mwanasosholojia Robert Merton aliieleza tabia hiyo ya sifa kumfuata mwenye sifa tangu mwaka 1968.

Uhakiki nautengea wiki mbili kamili. Namba ya ORCID, utambulisho wa kudumu wa mtafiti, huzuia kuchanganya watu wenye majina yanayofanana, au kupoteza kazi za aliyebadili jina baada ya ndoa. Namba hiyo ina herufi 16 na ya mwisho inaweza kuwa X, kwa hiyo fomu ya mtandaoni inayopokea tarakimu tu itawakataa baadhi ya watu bila wao kuelewa kisa. Kila kazi huangaliwa kama imeondolewa na jarida, kwenye ukurasa wa jarida na kwenye orodha ya Retraction Watch. Rudia ukaguzi huo siku mbili kabla ya kutangaza washindi.

Wasomaji ni watatu kwa kila faili, angalau mmoja kutoka nje ya chuo. Aliyeandika na mteule ndani ya miaka mitano, aliyemsimamia, ndugu yake na mtu wa idara yake hawagusi faili hilo, na likijadiliwa wanatoka chumbani. Kukaa kimya hakutoshi, kwani sura ya mtu aliyekaa mezani huwazuia wenzake kusema.

Alama ndipo mambo huharibikia. Kuna msomaji mkali na kuna mkarimu. Tuseme mmoja ana wastani wa 84 na mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zake zinavyotawanyika) wa 4, mwingine 63 na 6. Faili lililopata 90 kwa wa kwanza na lililopata 72 kwa wa pili yako sawa: toa wastani, gawa kwa mchepuko, yote yanatoa 1.5. Ukijumlisha alama ghafi, bahati ya kuangukia msomaji mkarimu ndiyo itakayochagua mshindi. Lakini hesabu hii inahitaji kila msomaji awe na mafaili manane au zaidi, yaliyogawiwa kwa kura. Tena itumike ndani ya fani moja tu. Ukiivusha mpaka wa fani, unadai bila ushahidi kwamba majopo yote yalipokea mafaili ya ubora uleule.

Tuzo kuu ya chuo kizima, kama ipo, ina njia yake. Kila jopo hupeleka jina moja, kazi moja na maneno 300 kwa lugha ambayo mtu wa fani nyingine ataielewa. Jopo la mseto husoma, kisha kila jina hutetewa na mtu asiye wa fani hiyo. Mwanasheria akiweza kueleza kwa nini kazi ya mkemia ni nzito, ujue maandishi yamefanya kazi yake na uamuzi hautabebwa na mwenye sauti kubwa.

Maneno ya sifa yanayosomwa ukumbini yasizidi 60, na yataje ugunduzi. “Kwa mchango wake mkubwa katika sayansi” yanamfaa yeyote, kwa hiyo hayamheshimu mtu. “Kwa kuonyesha jinsi mizizi ya mtama inavyochochea mbegu za gugu chawi kuota” yanamhusu mmoja tu. Mpelekee mtafiti ayahakiki kabla ya kuchapa cheti, na mwombe akurekodie jina lake kwa sauti yake, ili mshereheshaji alitamke sawasawa.

Kwa wasiochaguliwa, barua itoke siku ileile ya matokeo, iwe na aya moja ya alichokisifu msomaji na moja ya kilichopungua kwenye faili, bila alama na bila jina la msomaji. Alama na kumbukumbu za kikao zihifadhiwe hadi muda wa rufaa upite. Mimi natoa siku 21. Wengi wanaopata aya hizo huleta faili lililonyooka zaidi msimu unaofuata.